Uso wa Mkwe

Mzee Wanyonyi aliingizwa wodi ya wanaume akiwa ameketi, kwa sababu kulala kulishamshinda. Wanawe wawili walimtoa kwenye lori lililomleta kutoka Lugari, wakambeba juu ya kiti cha mbao, naye amejishika magoti, mabega yanapanda na kushuka, midomo imekuwa rangi ya zambarau zilizoiva. Jescah, muuguzi wa zamu, alikuwa anatandika kitanda kule mwisho. Aligeuka amtazame mgonjwa mpya, akamwona baba mkwe wake, na mumewe Barasa akiwa mmoja wa waliombeba, shuka likamponyoka mikononi.

Asiyeoa wala kuolewa huku kwetu anaweza kucheka, ila acheke polepole. Mke wa mtu hamshiki baba mkwe mkono, haketi kwenye kiti chake, hasogelei kitanda chake, na kumgusa uso ni jambo ambalo hata kutajwa halitajwi. Tangu Jescah aolewe na Barasa, hajawahi kumpa mzee huyu kikombe cha chai mkono kwa mkono. Hukiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma, ndipo mzee akakichukua. Mzee naye alipokuja kwao alikuwa akipaza sauti toka mbali, ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kufunga kitambaa chake vizuri. Walipendana hivyo, kwa mbali, na walipendana sana.

Daktari alimsikiliza mzee kifua akiwa tayari amevaa aproni ya upasuaji.

"Nimonia," alisema, "tena juu ya mapafu ya mgodi. Mchomeni penisilini, awekwe oksijeni. Nikitoka huko nitakuja kumwona."

Akaondoka mbio na Sista Mildred, mkuu wa wodi, kwa kuwa mama mmoja kutoka Butali alikuwa amekwama na mtoto tumboni tangu alfajiri. Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Masista wa Kizungu walikuwa wamefunga mizigo wakaenda zao, na wetu waliofuzu walikuwa wachache mno. Wodi nzima ikabaki kwa Jescah na Chrispinus, dresa wa vidonda, mtu mwema ambaye kazi yake ilianzia kwenye bandeji na kuishia hapo hapo.

Mapafu ya mgodi. Jescah hakuhitaji kuelezwa. Ujanani mwake mzee alitoboa miamba kwenye machimbo ya dhahabu hapa Kakamega, akavuta vumbi la mawe mwaka baada ya mwaka, na tangu hapo kila masika kifua chake kilikuwa ugomvi mtupu. Chuoni walikuwa wamefundishwa habari za mapafu kama hayo mpaka wakazikariri. Yamechakaa, yamezoea hewa mbaya, na kinachoyachochea kuendelea kuvuta ni ile njaa yenyewe ya oksijeni. Ukiyashibisha, njaa inaisha, kifua kinakuwa kivivu, na mtu anasinzia tamu mpaka anakufa. Mgonjwa wa namna hiyo hupewa oksijeni kidogo kidogo, kwa mrija mwembamba wa mpira unaopitishwa puani. Maski humwagia mtu oksijeni tele. Inamfaa kijana aliyepatwa na nimonia jana, mwenye mapafu mazima.

Ndani ya kabati vilikuwepo vyote viwili.

Alichukua mrija kwanza, na tusimnyime haki yake. Akaushika, akafikiri jinsi unavyowekwa. Unaupima juu ya uso wa mgonjwa, kutoka ncha ya pua mpaka sikioni. Unamshika kidevu. Unauingiza tundu la pua taratibu, unamwambia apanue kinywa, unamulika kwa tochi mpaka uone ncha yake nyuma ya kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kisha unaubandika shavuni kwa plasta. Vyote hivyo kwa vidole vyake, kwenye uso wa baba yake Barasa, na pale miguuni pa kitanda alishaketi Navalayo, dada mkubwa wa mzee, mama asiyepitwa na kitu, macho makavu kama ya kuku anayetazama mahindi.

Maski ilikuwa na kamba ya mpira tu. Hata Barasa angeweza kumvisha babake.

Jescah akarudisha mrija kabatini. Alijiambia kwamba angefungua koki ya mtungi wa oksijeni kidogo tu. Lakini alijua pia kwamba maski ukiibania oksijeni sana, mgonjwa hurudia kuvuta hewa yake mwenyewe aliyokwisha kuitoa. Akafungua koki vya kutosha, akampa mumewe maski, akasimama mbali akielekeza: vuta kamba nyuma ya masikio, ikaze puani, hivyo. Moyo ulimwambia anakosea. Aliusikia, akaunyamazisha.

Na mambo yakanyooka, au yalionekana hivyo! Chrispinus alimaliza kuchoma sindano, na midomo ya mzee ikaanza kurudi rangi yake. Mabega yakatulia. Navalayo akamshukuru Mungu kwa sauti, na Barasa akacheka kwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani.

"Hii hewa ya serikali ni kali," alisema. "Baba, utarudi kupanda mahindi wiki hii."

"Kichwa kinaniuma," mzee alijibu ndani ya maski, macho yakimlemea.

Jescah alikuwa upande wa pili akimgeuza mgonjwa aliyevunjika nyonga aliposikia wakinong'onezana kwa furaha. Mzee amelala. Mtu ambaye hajafumba jicho tangu augue sasa amelala!

"Msimwamshe," Navalayo aliwaonya. "Wacha apumzike. Alikuwanga mtu wa usingizi mzuri, huyu."

Neno usingizi lilimgeuza Jescah. Alimwacha yule wa nyonga nusu ameinuliwa, akaja mpaka hatua chache kutoka kitandani, akasimama pale mila ilipomsimamisha.

"Barasa, mshike baba mkono. Ni baridi?"

"Aka. Ni moto. Unatoka jasho."

"Mwambie anyooshe mikono yote mbele."

Barasa alimtikisa. Mzee alifumbua macho kidogo, akanyoosha mikono kwa utiifu wa mtoto, na viganja vikapigapiga hewani vyenyewe, kama walivyoonywa chuoni, kisha mikono ikaanguka shukani. Macho yakafumba. Jescah alihesabu pumzi. Ilikuja moja, nzito. Akangoja. Ikaja nyingine, baada ya muda mrefu mno. Na midomo ilikuwa mizuri, myekundu, ya mtu mwenye afya tele, na uzuri huo ndio uliomtisha kuliko kitu chochote alichowahi kukiona katika kazi hii.

"Chrispinus, kimbia tieta kwa daktari. Waambie mzee anasinzia, pumzi zinapungua."

Chrispinus alikimbia kweli, akarudi anahema.

"Daktari mikono yake iko ndani ya tumbo la mama. Hawezi toka. Sista Mildred amesema..." alisita, akamtazama Jescah kwa huruma. "Ameuliza, kwani mrija hukuweka?"

Swali hilo lilimchoma kuliko tusi. Jescah alienda kabatini, akautoa mrija, akautia mikononi mwa Chrispinus.

"Weka wewe. Nitakuelekeza."

"Sista, mimi ni wa vidonda. Sijawahi. Nikikosea nitamtoboa huko ndani, nimuue mimi." Akaurudisha mrija mikononi mwake.

Kwenye kitanda pumzi ilikuja, kisha haikuja. Jescah alingoja. Haikuja. Ilikuja. Basi akakata shauri, na alipokata hakuangalia nyuma. Alivuka zile hatua chache, akamvua mzee maski kwa mkono wake mwenyewe.

"Mbona unamtoa hewa?" Barasa aliruka. "Jescah! Ndiyo imemponya!"

"Ndiyo inamuua. Sogea."

"Ngoja daktari."

"Ukimngoja daktari utampokea babako mochari."

Alipanda kitandani. Alipanda kwa magoti, viatu na vyote, akapitisha mkono nyuma ya shingo ya baba mkwe wake, akamwinua, akamwegemeza kifuani pake. Navalayo alisimama na mikono kichwani.

"Woi! Mke wa Barasa! Shuka hapo! Shuka kwa kitanda ya mkweo! Unataka kuharibu boma yote? Hatufanyangi hivyo sisi, hata kama mtu anakufa!"

"Mwache afe basi, Shangazi?" Jescah aliuliza bila kugeuka. Hakuwahi kumjibu mama huyu hivyo maishani. "Barasa, shika tochi."

Barasa alisimama katikati, shangazi huku, mke kule. Uso wake ulikuwa wa kusikitisha, na haja gani ya kumlaumu, wengi wetu tungesimama pale pale. Kisha akaichukua tochi.

Mrija ulipimwa, pua mpaka sikio. Ngozi ya mzee ilikuwa ngumu na ya moto chini ya vidole vyake. Akaulowesha kwa maji safi, akauingiza. Ulikwama. Jasho likamdondoka Jescah, likaanguka kwenye paji la uso wa mzee. Akauvuta kidogo, akajaribu tundu la pili, akiusukuma taratibu huku meno yameumana, na safari hii ukapita.

"Mpanue kinywa. Mulika."

Aliiona ncha nyuma ya kimio, akairudisha nyuma kidogo, akabandika plasta. Chrispinus aliunganisha mpira na chupa ya maji ya mtungi, akafungua koki kwa kipimo alichoambiwa, mapovu yakaanza kupanda moja moja ndani ya chupa, machache, ya kukatisha tamaa kwa asiyejua.

"Hiyo tu?" Barasa aliuliza.

"Hiyo tu. Sasa asilale. Baba! Baba, vuta pumzi!"

Alimpiga mgongoni kwa kiganja. Alimsugua kifua kwa ngumi. Alimpigia kelele, yeye ambaye sauti yake haijawahi kupanda mbele ya mzee huyu hata siku ya harusi. Vuta! Usilale, Baba! Vuta tena! Wagonjwa wengine walikaa vitandani kutazama. Midomo ya mzee ilififia tena, na kwa muda uliomlemea kifuani kama gunia Jescah alidhani amemuua mara mbili, kwanza kwa woga, sasa kwa ujasiri. Aliomba, akapiga, akaita.

Mzee alikoroma, akavuta pumzi ndefu yenye kelele, akakohoa kikohozi kizito chenye makohozi. Akavuta nyingine bila kuambiwa. Nyingine. Baadaye, mvua ya alasiri ilipoanza kugonga mabati, alifumbua macho, akaona mkono wa nani umemzunguka, na mwili wake wote ukakakamaa.

Jescah alishuka kitandani haraka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Wanyonyi, umeona?" Navalayo alianza, analia sasa. "Mke ya mwana wako amekukumbatia mbele ya watu. Amekutia vidole puani. Hii tutaiosha na nini?"

"Baba, nisamehe," Jescah alisema.

"Aombe! Aombe msamaha!" Navalayo alidakia.

"Siombi kwa kukugusa." Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. "Mrija huu ulitakiwa asubuhi ile ulipofika tu. Nilijua, niliushika. Niliogopa uso wako, Baba, nikachagua maski."

Barasa alimtazama mkewe, akainamisha kichwa. Mzee alitoa jibu lake, neno moja kwa kila pumzi.

"Uliniheshimu... mpaka... karibu... unizike."

Hakulisema kwa ukali. Hakulisema kwa mzaha pia, na Jescah alihisi maneno hayo yakiingia na kukaa mahali ambapo yangebaki. Angeweza kuvumilia kutukanwa na ukoo mzima. Hili lilikuwa kweli tupu.

Jasho lilikuwa limeilegeza plasta. Mrija uliteleza kutoka shavuni, ukaning'inia, ukaanza kuchomoka puani. Jescah alipiga hatua, akasimama. Alimtazama Chrispinus, akamtazama Barasa, na Barasa akanyoosha mkono wake kuukamata.

Mzee aliuona mtazamo ule. Aliusukuma mkono wa mwanawe pembeni. Kisha, dada yake akiwa anamtazama, aliinua kidevu kuelekea kwa mke wa mwanawe, akafumba macho, akapanua kinywa wazi, na akangoja. Jescah aliichukua tochi, akainama juu yake.