Januari Iliyokuja Baada ya Oktoba

Bibi Lettice Orpwood wa Wendlow alipofariki, aliacha karatasi mbili za wosia. Ya kwanza iliandikwa Januari 1739. Ilikipa Chuo cha Mtakatifu Birinus mashamba yake yote, kwa sharti kwamba wapangaji wasihamishwe. Ya pili, ya Oktoba 1739, ilimpa mtoto wa kaka yake, Bwana Josiah Orpwood, mashamba hayohayo bila sharti lolote. Bwana Josiah alikuwa ameshasema mbele za watu kwamba akiyapata atabomoa nyumba zetu alete kondoo. Nyumba ya kwanza ukitoka barabarani ni ya mama yangu.

Wakati huo mimi nilikuwa Cambridge, nikifagia na kuwasha moto vyumbani mwa Dokta Ambrose Pettiver, aliyesimamia mashamba, wosia na kesi zote za chuo. Sijaona mtu afanyaye kazi kama yule. Chuo kilikuwa na mashamba katika majimbo tisa, naye kwa macho yake aliyaona matatu tu. Mengine aliyajua kwa barua. Alijua lango la nani limeanguka, na mtoto wa nani amekuwa kiziwi tangu surua. Asubuhi alisoma, mchana alijibu, na kila jibu alilinakili kwenye daftari kubwa kabla ya kulifunga kwa lakiri. Barua ikimkera, alizunguka bustani mara tatu ndipo akashika kalamu.

Wakili wa Bwana Josiah, kijana wa London aitwaye Crake, aliandika kwamba hata mtoto anajua Oktoba huja baada ya Januari, na wosia wa mwisho ndio unaoshika. Dokta aliisoma akacheka.

“Huyu kazaliwa juzi,” alisema.

Kabla sheria haijabadilishwa, miaka kumi na tisa iliyopita, mwaka wetu mpya ulianza tarehe ishirini na tano Machi. Kwa hiyo Januari ya 1739 ilikuja miezi mitatu baada ya Oktoba ya 1739. Dokta alimweleza Crake hayo kwa adabu, bila kumdhihaki hata kidogo.

Jibu lililorudi halikumchekesha. Crake alikubali kwamba sheria ilikuwa hivyo. Ila, alisema, hata zamani hizo watu wengi walikuwa wakiuanza mwaka Januari kama tunavyofanya sasa. Nani ajuaye bibi kizee wa shamba alihesabuje? Chuo kilete ushahidi kabla ya Pasaka, au kiyaache mashamba.

Dokta alizunguka bustani mara tatu, kisha akaongeza ya nne.

Barua za zamani za Wendlow zilikuwa ndani ya sanduku chini ya ngazi, zimeshika unyevu na kuota ukungu. Mtangulizi wake alikuwa na desturi ya kuandika neno moja au mawili mgongoni mwa kila barua, ili ijulikane inahusu nini bila kuifungua: Mfereji. Uzio. Wosia. Dokta aliipenda sana desturi hiyo na yeye mwenyewe aliifuata. Alizitoa zilizoandikwa Wosia, zilikuwa nne, akazisoma mchana kutwa. Hazikusaidia kitu. Zilizobaki aliniambia nizikaushe tu, nizirudishe mahali pake.

Nilifunga kamba mbele ya moto nikazianika kama soksi. Mimi husoma polepole. Nilikaa miaka miwili kwa Bibi Dorcas aliyetufundisha watoto jikoni kwake, kisha baba akafa, nikaenda kuchunga mabata bukini. Lakini barua moja ilichelewa kukauka, nami nilikuwa nimeishika kwa ncha za vidole isiungue, macho hayana pa kwenda. Mgongoni iliandikwa Paja la nguruwe. Ndani, kwa mkono wa Bibi Lettice, ilisema hivi:

“Wendlow, Januari 21, 1739. Mheshimiwa, nakuletea paja la nguruwe nililolikausha mwenyewe. Nisamehe kwa madoa. Wino unaganda kalamuni, na Betty ameshika kidau juu ya mshumaa. Mashahidi waliokuja jana kutia sahihi ile karatasi yangu ya chuo walivuka mto kwa miguu, wakivuta mkokoteni.”

Nikairudia. Mto wetu una maji ya kwenda mbio, kila baridi unashika barafu nyembamba pembeni basi. Mama anasema uliganda wote mara moja tu, katika ile Baridi Kuu, alipokuwa na miaka sita, ndege wakianguka mitini kama matunda.

Nilikwenda hadi mlango wa chumba cha kazi nikasimama. Sikuwahi kumwambia Dokta jambo ambalo hajaniuliza. Alikuwa akiandika, uso umemshuka. Niliwaza niirudishe barua sandukuni, mwenyewe ataiona siku nyingine. Ndipo nikasoma, herufi zikiwa kichwa chini miguu juu, jina lililokuwa mbele yake: Mjane Quelch, Wendlow. Alikuwa akimwandikia mama yangu aanze kutafuta pa kuhamia.

“Bwana Dokta,” nikasema. “Ile ya paja la nguruwe.”

“Mapema mno, Tamsin. Nitakula saa nane.”

“Si ya kula, bwana. Ya kusoma.”

Aliniambia niisome kwa sauti. Nilikwama kwenye neno mashahidi, akaningoja. Nilipofika kwenye mkokoteni aliweka kalamu chini.

“Baridi ile nilikuwa mwanafunzi hapahapa,” alisema. “Nililala na kofia, glavu, na mbwa wa mtu. Ilikuwa baada ya Oktoba ya 1739, Tamsin, si kabla.” Akavua miwani. “Nimesoma migongo thelathini na nane, nikajiona nimesoma barua thelathini na nane.”

Ile barua ya mama aliichana vipande vinne. Kisha akamwandikia mchungaji wa Wendlow, akimwomba kitabu cha maziko. Baada ya wiki moja nakala ilikuja. Baada ya Oktoba, Novemba na Desemba ya 1739 ilifuata Januari, bado 1739, na pembeni yake maelezo kwamba marehemu watatu walisubiri siku tisa kwa sababu ardhi haikuchimbika.

Vyote viwili alivinakili kwa mkono wake, akampelekea Crake pamoja na ukurasa mmoja mtulivu. Nilimwuliza kwa nini hakumjibu ile dhihaka yake ya mtoto anayejua miezi.

“Barua hubaki, binti,” alisema. “Mimi nitakufa, Crake atakufa, na msichana mwingine ataianika hii mbele ya moto. Sitaki anione nikitukanana.”

Kwenye nakala ya daftari niliona ameandika kwamba barua hiyo ilionwa na Tamsin Quelch, binti wa mpangaji. Nilikwenda kujificha jikoni.

Crake alijibu kwa mistari mitatu: mteja wake ameacha dai.

Dokta alinipa ruhusa ya siku mbili nipeleke mwenyewe tangazo la chuo. Nilimkuta mama mlangoni, majirani wamemzunguka kwa sababu waliniona nikipanda kilima. Sijawahi kusoma mbele ya watu. Nilisoma nikitazama karatasi tu, mpaka mwisho.

“Soma tena pale wanaposema tubaki,” mama alisema.

Nikasoma tena.

“Na huyo Dokta wako ana mke?”

“Hawaruhusiwi kuoa, mama. Sheria ya chuo.”

“Ndiyo maana anapata nafasi ya kuandika.”

Majirani walicheka. Yeye hakucheka. Aliingia ndani, akapiga magoti penye kapu alilolifunga tangu mwezi uliopita, akaanza kutoa vyungu kwenye majani makavu, kimoja kimoja, akivirudisha rafuni.