Aliyefikiwa na Maji

Kabla hakujapambazuka nilisikia kikombe cha plastiki kikigonga mguu wa kitanda. Tok. Kimya. Tok. Sikuhitaji kuwasha taa. Kikombe hakitembei chenyewe, na kama kinaelea basi maji yamekwisha kuingia ndani. Nilishusha mguu taratibu, kama mtu anayeonja uji wa mtoto asijue umepoa au la, na ubaridi ukanipanda hadi kifundoni.

Mama mkwe naye alikuwa macho chumba cha pili.

"Wageni wako wamefika," aliniambia kupitia pazia.

Ndio utani wake tangu mtaa wa juu ulipotandikwa vitofali vya saruji na kuchimbiwa mitaro. Kule juu siku hizi mtu anapita na viatu vyeupe hata mvua ikinyesha. Maji yao yanashuka kwa adabu ndani ya mitaro yao mpaka barabarani, mitaro inaishia hapo, na kuanzia hapo yanajitafutia njia. Njia yenyewe ni mlango wetu. Niliwahi kwenda kuuliza ofisi ya mradi. Kijana niliyemkuta alikuwa mpole, akanikunjulia ramani na kunionyesha kwa kidole kwamba mradi uliishia kwenye ukingo wa barabara. Kwetu palikuwa nje ya mstari. Hapakuchorwa kitu.

Tukaanza kuchota. Binti yangu, tuliyemzoea kwa jina la Pipi, alidai kikombe chake na akachota kwa bidii, nusu akimwaga nje na nusu akijimwagia mwenyewe. Bibi yake akamwambia kwa kasi hiyo ataolewa na mwenye kisima. Tulicheka, lakini hicho kicheko kilikuwa kimechoka kabla hakijatoka. Kulipokucha godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani likichuruzika, na goti la mama mkwe lilikuwa limevimba kwa baridi.

"Mwanangu, leo mtoto nenda naye," alisema akijikanda. "Akinikimbia leo, simfukuzi."

Mchana nafanya kazi duka la fotokopi. Jioni nafundisha mipango miji kwenye chuo kilekile nilichosomea, darasa lilelile la jioni, nilikokuwa nikikaa benchi la nyuma karibu na mlango ili Pipi akilia nitoke haraka nimnyonyeshe ukumbini. Yeye amezaliwa katikati ya muhula na amelelewa na vumbi la chaki. Jioni hiyo nilimshika mkono tukaenda, yeye na kikombe chake, maana alikataa katakata kukiacha.

Njia nzima nilikuwa nafikiria maneno ya mkuu wa idara. Wanafunzi wanamwita Rula, kwa ile rula ya chuma isiyobanduka mfukoni mwake. Si mtu mbaya. Alinisimamisha ukumbini wiki iliyopita akaniambia kwamba mtihani unapima michoro, na yeye anasikia darasani kwangu watu wazima wanacheza matope. Alisema atakuja kujionea. Akikuta ni mchezo, muhula ujao saa za kipindi changu zinapewa somo la uchoraji.

Nikamuuliza, na mimi je?

"Wewe ni mwalimu wa kipindi hicho, dada yangu," alijibu, akitazama viatu vyake.

Maana yake niliielewa. Kipindi kikienda, na mimi nimekwenda.

Hayo matope ni haya. Juu ya meza kubwa tunalaza ubao wa plaiwudi, na juu ya ubao tunafinyanga mtaa wenye mteremko, kwa udongo na maboksi. Kila mwanafunzi ana nyumba yake humo. Mimi namwaga mvua kwa kopo nililolitoboa matundu. Halafu tunanyamaza. Sheria ya darasa ni kwamba anayeanza kusema ni yule tu aliyefikiwa na maji nyumbani kwake. Wengine wote, hata mwalimu, midomo tunaifunga mpaka yeye amalize. Sheria hii niliiweka baada ya kuona kwamba kila tukimwaga, wanaowahi kueleza jinsi mvua ilivyokuwa nzuri ni wale wenye nyumba mlimani.

Fundi Bomba, ambaye mchana anaunga mabomba ya watu, nyumba yake ilikuwa bondeni na ilizama mara nyingi hadi wenzake wakambandika cheo cha Baba Mafuriko. Alipochoka kuchekwa alivamia ubao. Kwa wiki kadhaa yeye na Karani, dada anayeandika hati katika ofisi ya ardhi, walichimba mitaro, wakaitandika karatasi za nailoni, wakapanda miti ya sponji kandokando. Nilifurahi kuwaona wakibishana. Mimi nilikuwa nashika taa na kupiga miayo.

Jioni hiyo tulipofika, Pipi alizunguka meza akahesabu paa zote, kisha akauliza yake ni ipi.

"Wewe mpangaji wetu," Fundi Bomba akamwambia, "nyumba yako iko chini ya meza. Pana kivuli, na kodi hudaiwi."

Pipi alimwamini. Akaingia chini na kikombe chake, akakaa kama mwenye nyumba. Nikampa khanga yangu atandike.

Rula aliingia bila kubisha, akavuta kiti, akatoa kalamu. Nilimweleza ile sheria. Alinyanyua nyusi lakini hakupinga. Mikono yangu ilikuwa inauma tangu alfajiri kwa kuchota, na kopo lilipojaa nililiona zito kama debe. Nikainyesha mvua.

Na jamani, mtaa ulikuwa mzuri. Maji yalianguka juu ya paa, yakashuka kwenye mitaro, yakapinda pale yalipotakiwa kupinda, yakapita mbele ya nyumba ya Baba Mafuriko bila hata kulowesha kizingiti. Karani aliziba mdomo kwa kiganja. Nilimwaga hadi tone la mwisho. Maji yakakimbia yote hadi kwenye barabara iliyo ukingoni mwa ubao, na ubao ukabaki unang'aa, kila nyumba kavu.

Tukanyamaza.

Hapakuwa na wa kuanza kusema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Rula alisogea, akainama, akapitisha kidole kwenye vizingiti kimoja kimoja na kukitazama kidole chake. Kilikuwa kikavu. Akafungua mdomo, uso wake umelainika kabisa, na Karani akaweka kidole midomoni mwake mwenyewe, kumkumbusha. Akatabasamu. Nikamwona akiandika, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri mabega yangu yalishuka. Niliwaza godoro jipya. Niliwaza muhula ujao na ule utakaofuata, mimi nikiwa bado na ufunguo wa chumba hiki.

Ndipo nikasikia.

Tok.

Kimya.

Tok.

Sauti hiyo naijua hata nikiwa usingizini. Macho yangu yaliufuata mtaro wa Fundi Bomba hadi chini, hadi barabarani, hadi mahali ubao unapokatika. Hatukuwa tumechora kitu baada ya hapo. Miezi yote hiyo, hata mimi, hata mimi ninayelala pale, sikuwahi kuuliza baada ya hapo kuna nini.

Ningeweza kukohoa. Kikohozi kimoja tu kingetosha kuuvunja ule ukimya, watu wangepiga makofi, Rula angetia sahihi akaenda zake, na maji ningeyafuta mwenyewe baadaye kwa tambara. Kalamu yake ilikuwa bado juu ya karatasi. Wanafunzi walikuwa wananitazama kwa macho ya watu waliotoka kazini, wakaja kusoma na njaa, na leo wameshinda.

Sikukohoa. Nilirudi nyuma hatua moja, nikaipisha sheria.

Khanga ilisogea. Pipi alitoka taratibu kwa magoti, nywele zimelowa upande mmoja, kikombe amekishika kwa mikono miwili kisimwagike. Alitazama watu wote waliofunga midomo, akaona kweli zamu ni yake, akasimama wima.

"Mama, nyumba yangu imeingia maji."