Mstari wa Saba Sijauimba

Kwetu matanga ni siku tisa, na watu wakishachoka kuimba hutegeana vitendawili. Mimi nilikuwa na kimoja ambacho kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyekitegua. Nina mtu wangu: hayuko nyumbani, hayuko safarini, hayuko kaburini. Yuko wapi? Watu walikuwa wakiinamisha macho, kisha mmoja anasema, "Tega kingine, mama Ubertina."

Mtu huyo ni mwanangu Deimer. Wenye bunduki walimchukua mtoni akiwa anachekecha dhahabu, wakaliacha bakuli lake la mbao likielea. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na binti wa miezi minne ambaye nimemlea mimi. Mimi ndiye mwimbaji wa wafu kijijini kwetu, kando ya mto Atrato, kama alivyokuwa mama yangu. Nimewaimbia waliozama, waliopigwa risasi, waliochukuliwa na homa. Wangu sikuweza, maana hapakuwa na maiti. Na maiti asiyeimbiwa, huko alikotupwa anabaki na kiu, na mama yake, hata anywe mto mzima, kiu haimtoki. Hivyo ndivyo nilivyoishi.

Siku moja tulipanda ndege asubuhi kutoka Quibdó, mji wetu wa mtoni, kwenda Medellín, waimbaji wanne, tumealikwa kuimba kanisani. Mpwa wangu Plutarco, mpiga ngoma, alikuwa nasi. Mwenzangu Cruz Neila hakuwahi kupanda ndege maisha yake yote.

"Ubertina," aliniambia akichungulia dirishani, "hilo pangaboi ndilo litakalonibeba mimi na haya makalio?"

"Kaa, shoga. Likishindwa tutakushusha njiani."

Nyuma yetu alikaa mwanamume wa makamo, kofia nyeupe, masharubu yenye mvi. Alitusalimia kwa lafudhi ya mto wetu, akasema anaitwa Arcesio na anauza mbao. Alimsaidia Cruz Neila kufunga mkanda. Nikasema moyoni, kumbe bado wapo watu wenye adabu.

Tulikuwa juu ya milima, kahawa imeshapita, ndege inatikisika mawinguni kama kawaida ya njia ile, sauti ya mwanamke ikatoka darini. Ilikuwa sauti ya kurekodiwa, tulivu kama ya msomaji wa misa.

"Hili ni tangazo la dharura. Ndege inatua majini. Vaeni majaketi ya kuelea. Inamisheni vichwa."

"Majini wapi?" Plutarco akapaza sauti. "Huko chini ni milima mitupu!"

Nani wa kumsikiliza? Sauti ilirudia, na ikarudia tena. Mzee mmoja alimpiga mama aliyekaa jirani yake kiwiko cha pua akimpokonya jaketi, damu ikaruka hadi kwenye kilemba changu. Mwingine alipanda juu ya viti, akakanyaga vichwa vya watu. Mhudumu alikimbilia mbele akipiga kelele tutulie, lakini midomo yake mwenyewe ilikuwa imekauka.

Hapo Cruz Neila akafanya jambo ambalo sisi hatulifanyi. Alianza wimbo wa kuaga, ule wa siku ya tisa, tunapobomoa madhabahu ya matanga na kumwambia maiti aondoke. Wimbo huo una mistari saba, na katika kila mstari hutajwa jina la marehemu. Mstari wa saba ukiisha, roho imevuka mlango, haina kurudi. Hauimbiwi mtu aliye hai. Lakini yeye aliimba, akatutaja sisi wenyewe, na wenzetu wakapokea. Hata mimi nilipokea.

Mtu wa mtoni kwetu anajua jambo jingine pia. Ukikata roho ukiwa na damu ya mtu uliyoificha, roho inakwama kooni. Nimewauguza watu wa namna hiyo. Wengine walikoroma siku tatu, mpaka waliposema ndipo wakapumzika.

Mkono ulinishika bega kutoka nyuma.

"Mama," Arcesio alisema, "nisitajwe kabla sijasema. Nilikutambua ulipoingia. Mwanao, yule wa bakuli. Ni mimi."

Sikugeuka. Shingo haikukubali.

"Tulimfunga kwa kamba ya mtumbwi. Aliomba nimfungue mkono mmoja ajipanguse jasho. Nikamfungua. Nikaukata kwa panga, wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Kisha shingo. Mara tatu, mama, panga lilikuwa butu. Yuko kijito cha Guarandó, chini ya mti wa..."

Sauti ya darini ikakatika. Ya rubani ikaingia mahali pake, anahema.

"Mabibi na mabwana, tunaomba radhi. Tangazo lile limechezwa kwa makosa. Ndege ni nzima. Tunatua Medellín baada ya dakika kumi na tano."

Watu walicheka kama vichaa. Walikumbatiana, wakapiga makofi. Mkono wa Arcesio ulikuwa bado begani kwangu, na niliusikia ukibadilika uzito. Ukapanda shingoni. Wa pili ukaja.

"Hukusikia kitu, bibi," alininong'oneza.

"Mti gani?"

"Nimesema hukusikia kitu!"

Akakaza vidole. Macho yangu yakaona mekundu, kisha meusi. Cruz Neila alichomoa pini yake ndefu ya nywele akamdunga kifundoni mwa mkono hadi ikatokea upande wa pili. Akapiga yowe, akaniachia.

"Ndiye aliyemuua Deimer!" Cruz Neila alipaza sauti. "Amekiri mwenyewe, nimesikia kwa masikio yangu!"

Plutarco aliruka kiti. Alimpiga ngumi ya kwanza, meno mawili yakaanguka. Arcesio naye hakuwa mnyonge. Alimpasua Plutarco nyusi kwa kichwa, wakaanguka katika ujia, mmoja juu, mwingine chini, damu ikipaka viti. Abiria wote waliokuwa wanakufa muda mfupi uliopita sasa walitaka kuua. Yule mzee wa jaketi alimpiga mateke ya mbavu. Mwanamke aliyevunjwa pua alimkanyaga uso kwa kisigino.

"Muue! Muue muuaji!"

Plutarco alimzungushia shingoni ukanda wa jaketi la kuelea, akaweka goti mgongoni, akavuta. Ulimi ukatoka. Miguu ikaanza kutetemeka.

Msifikiri nilimhurumia. Ningefurahi. Lakini hakuutaja mti, na Guarandó ni safari ya siku mbili kwa kasia, msitu mtupu pande zote. Nilijitupa juu ya Plutarco nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake.

"Shangazi! Una wazimu?"

"Mwachie! Akifa huyu nitamtafuta wapi Deimer? Utanichimbia msitu wote wewe?"

Akauachia ukanda. Arcesio alikohoa damu, akavuta pumzi, akanitazama. Kisha, Mungu ni shahidi yangu, akatabasamu.

"Sasa nimejua unachotaka, bibi. Polisi nitawaambia nilipagawa kwa hofu, nikasema upuuzi. Mti huo utazikwa na mimi."

Nilimkalia kifuani. Mimi ni mzito, nashukuru. Nikaweka magoti juu ya mikono yake miwili, nikaanza kuimba.

"Arcesio, vua kofia, mlango u wazi..."

Waliokuwa wakimpiga mateke wakarudi nyuma.

"Ubertina," Cruz Neila alisema, "usifanye hivyo. Yuko hai. Ni dhambi."

"Pokea."

"Ubertina!"

"Nimesema pokea!"

Akapokea, huku analia. Mstari wa pili, Arcesio, mshumaa umefika kwenye kinara. Tabasamu likafifia. Mstari wa tatu akaanza kuninyanyua kwa kiuno, Plutarco akamkalia miguu. Mstari wa nne alinitukana matusi ya wanajeshi. Mstari wa tano akagonga kisogo chake sakafuni, tena na tena, kama anayetaka kuuvunja wimbo uliomo ndani, na sakafu ikapata doa. Wa sita niliuimba polepole nikimtazama machoni. Arcesio, waliokutangulia wamesimama kizingitini, mmoja wao hana mkono.

Nikavuta pumzi ya mstari wa saba.

"Mwerezi!" alipiga kelele. "Mwerezi uliopigwa radi! Mkono wa kushoto ukipanda kijito, hatua kumi kutoka kwenye jiwe refu! Nyamaza, mama! Nimesema, nyamaza!"

Nikanyamaza.

Siku ya kumi na mbili baada ya safari ile ya ndege tulikuwa Guarandó na watu wa serikali, wamevaa nguo nyeupe. Mwerezi ulikuwepo, mweusi upande mmoja. Walimkuta kwa kina cha magoti. Mkono wa kulia ulilala peke yake, mbali na mwili shubiri mbili. Nilimtambua kwa jino lake la mbele, alilolivunja utotoni kwa kupasua nazi. Tukamchukua nyumbani katika sanduku dogo, tukamwimbia siku tisa. Binti yake alishika mshumaa. Mistari yote saba niliiimba mwenyewe, na baada ya hapo nikanywa kikombe cha maji. Kilinitosha.

Arcesio yuko gerezani, safari ya siku mbili kutoka kwetu. Juzi mke wake alikuja kwangu na kikapu cha ndizi, mama wa watu, amekonda. Nikampa kahawa.

"Ananituma nikuulize," alisema bila kuniangalia. "Hapati usingizi. Anasema wimbo haujaisha, anausikia umesimama mlangoni. Mama, utauimba huo mstari?"

Nilimtegea kitendawili: nina kitu, kwangu hakina uzito hata wa unyoya, lakini kinamlalia kifuani mtu aliye mbali nami safari ya siku mbili. Ni nini?

Alikizungusha kikombe mkononi.

"Sikijui, mama. Nakupa mji, nitegulie."

"Kunywa kahawa, mwanangu," nikamwambia. "Inapoa."