Kozi Juu ya Paa la Nthenya

Mvua ya kwanza ilinyesha Mwala, kumbikumbi wakatoka ardhini, na pamoja nao akaja ndege ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa kozi mdogo asiyemzidi njiwa, wa kijivu, miguu yake myekundu kana kwamba ametoka kukanyaga damu. Mguu mmoja ulikuwa na pete ya chuma. Kati ya mapaa yote ya kijiji akachagua la mama mkwe wangu, Nthenya, mjane anayeishi na mbuzi wake tu.

Asubuhi hiyo hiyo ng'ombe wa maziwa wa Kisilu, jirani yetu, alikutwa amekufa. Basi, yakaisha. Kwetu ndege mgeni aliyefungwa kitu mguuni hakuja, ametumwa, na anapotua ndipo kwa mchawi aliyemtuma. Kufikia alasiri uwanja wa mama ulijaa watu, na Kisilu ameshika galoni ya petroli.

Niliogopa. Nilisimama mlangoni nimemshika mama mkono, mkono mkavu uliomlea mume wangu.

"Huyu ndege ametoka ng'ambo," nikasema. "Nimesikia kwa redio. Wanapita huku wakienda kusini, na wanavalishwa chuma ndio wajulikane."

"Ng'ambo!" Wathome, mdogo wake Kisilu, akadakia. "Ameruka Machakos yote akitafuta huyu mama? Hata Nairobi hakuiona?"

Watu wakacheka. Kicheko hicho kilinitisha kuliko petroli, maana hawa ndio tunaokaa nao benchi moja kanisani.

"Toka hapo, Ndunge," Kisilu akaniambia kwa upole kabisa. "Na wewe hatuna shida."

Miguu yangu ilitaka sana kumtii. Lakini niliushika mkono wa mama kwa nguvu zaidi.

Mara kumbikumbi wakafoka kutoka kichuguu kilichoko nyuma ya nyumba ya Kisilu, ng'ambo ya ua. Kozi akaruka, akadaka mmoja, akamla huko huko hewani, kisha akatua. Akatua juu ya paa la Kisilu.

Uwanja mzima ukageuza shingo. Kule mlangoni alisimama Winfred, mke wa Kisilu, na mtoto mgongoni. Wathome akasogea mbali na kaka yake. Mutunga, fundi wa pikipiki, akainyakua ile galoni mkononi mwa Kisilu na kuanza kuvuka ua. Hofu niliyokuwa nayo niliiona ikimwingia Kisilu, uso ukampauka.

Mama akauachia mkono wangu.

"Mwaitu, rudi!" nikamlilia. "Mama, acha wamalizane!"

Hakugeuka. Alimpita Mutunga, akaketi kwenye kizingiti cha Kisilu, miguuni pa Winfred, akanyoosha miguu yake kama mtu anayechambua maharagwe.

"Haya, mwaga," akasema. "Lakini huyo ndege bado iko na njaa, Mutunga. Ikihamia kwako, nani atakuja kukaa mlangoni kwako?"

Mutunga akasimama. Akatazama juu. Kozi alikuwa ameruka tena, anazunguka juu ya maboma yetu sote, miguu myekundu imening'inia.

Galoni ikaachwa pale chini. Watu wakatawanyika mbio, kila mmoja akikimbilia kwake kuangalia paa lake.

Hata mimi nilikimbia.