Sura ya Tisa kwa Sauti ya Cate

Wangeci alimsomea mumewe uongo kwa wiki kadhaa, na kwa mwanakwaya wa miaka mingi aliumudu vizuri mno. Kitabu kilikuwa cha binti yao Cate, kimechapishwa, picha yake nyuma ya jalada. Hiram, aliyepofushwa na ugonjwa wa sukari, hangeweza kujisomea. Basi kila alasiri, baada ya kukamua ng'ombe, mkewe alivaa miwani na kumsomea. Palipoandikwa baba mkali, alisoma baba mpole. Palipokuwa na kofi, alisoma ushauri. Hiram alivimba kichwa hadi akawaambia wafugaji wenzake wote wa Dundori kwamba bintiye amemwandika vizuri.

Wangeci alikuwa na sababu ya kudanganya. Cate hakuwa amekanyaga hapo tangu babake alipomfukuza, akiwa kidato cha tatu na mimba. Sasa alikuwa ameahidi kuja Jumapili pamoja na mtoto ambaye babu yake hajawahi kumshika mkono. Wangeci alimjua mumewe. Akisikia alivyoandikwa angenuna, aamuru geti lifungwe tena, na wao si vijana wa kungoja miaka mingine.

Siku za mwizi ni arobaini. Za huyu msomaji wetu zilitimia Jumamosi, Jeff, mdogo wake Cate, alipofika kutoka Nakuru mjini.

"Baba, kitabu ya Cate imetoka ya kusikiliza," akasema, simu mkononi. "Amesoma yeye mwenyewe. Mmefika wapi?"

"Sura ya tisa," Hiram akajibu upesi.

"Jeff, si kwanza ukunywe chai," Wangeci akasema. "Na hiyo simu uweke chaji."

"Iko na chaji, mathe."

Akabonyeza. Karatasi ilikuwa imemsitiri Wangeci siku zote, maana ukurasa humwachia msomaji aseme atakalo. Simu haina staha hiyo. Sauti ya Cate ikajaa sebuleni, imetulia, haina hasira, na utulivu huo ndio uliomtisha mama mtu. Baba alitupa sanduku nje. Baba alifunga geti. Mvua ikanyesha. Msichana aliita, akaita hadi sauti ikamkauka, lakini baba alikuwa amelala, na msichana akaenda kujikunyata katika zizi la jirani. Usiku ule Wangeci alikuwa Naivasha kwa dadake aliyejifungua. Aliporudi alikuta kitanda kitupu, na hajawahi kujisamehe.

Alinyoosha mkono azime simu. Hiram akausikia ukipita mbele yake, akaudaka.

"Wacha."

Sura ikaisha. Jeff alitazama viatu vyake, kwa kuwa sasa hata yeye alielewa alichofanya.

"Ulikuwa unanisomea ingine," Hiram akasema.

"Ndio, Baba Cate. Niliogopa."

"Nilijua. Huyo mtu mpole ulikuwa unasoma, hata mimi simjui." "Lakini alikuwa mtamu kusikiliza. Jeff, rudisha hapo kwa geti."

Jeff akarudisha. Cate akasema tena, kwa upole uleule, kwamba baba alikuwa amelala.

"Hapo amekosea," Hiram akasema.

Yametimia, Wangeci akawaza, sasa atakana kila kitu na kesho imeharibika.

"Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimesimama nyuma ya geti na koti ya mvua. Nilimsikia akiita mpaka akaacha."

Miaka yote hiyo alikuwa amemwambia mkewe kwamba usingizi ulimbeba, na mkewe alimwamini, kisha akampitishia uongo huohuo binti yake. Wangeci akauchomoa mkono wake taratibu. Alichukia, na hakujali kama kinyongo hicho kilionekana.

"Mpigie," Hiram akasema. "Nataka ajue kabla hajatoka kwake. Akisema hakuji, ni sawa."

Wangeci, ambaye hakutamani kitu kingine duniani ila ujio huo, akaichukua simu na kutafuta namba ya binti yake.