Mvua ya Nyumba ya Karani

Jumatatu ya pili ya mwezi wa Machi, mwaka wa 1957, Wakio alikuwa akikoroga uji wa mtama jikoni tone la maji lilipoanguka ndani ya sufuria. Alitazama juu, na la pili likampata shavuni. Uji ulipoiva, mvua ilikuwa inanyesha nyumba nzima, vyumba vyote viwili pamoja na jiko, mvua ya kawaida ya masika isiyo na radi. Mumewe Hudson alivaa koti lake la kazini huku ameficha karatasi zake kwapani zisilowe.

Hudson alikuwa karani wa troli katika shamba la mkonge nje kidogo ya mji wa Voi. Alipanda juu ya paa na kopo la lami kutafuta tundu, akakuta mabati makavu. Fundi wa shamba naye alipanda, akagonga kila bati kwa nyundo, akashuka akasema paa ni zima, mvua inaanzia shubiri moja chini ya bati, na kazi yake yeye ni paa tu. Akaomba chai, akanywa, akaenda zake.

Nje mambo yalikuwa kinyume. Mvua ilinyesha Voi yote, ikanyesha kwenye mkonge na kwenye nyumba za laini walikokaa wafanyakazi, lakini ilipofika kwenye ua wa minyaa uliozunguka nyumba ya karani ilisimama. Ndani ya ua hakuna tone lililodondoka. Kwa hiyo Wakio alitoa vitanda, meza, mashine ya cherehani na picha ya harusi, akavipanga uani kama vilivyokuwa ndani, na familia ikahamia nje.

Majirani waliizoea hali hiyo siku ya tatu. Walikuja kuanika nguo zao pale palipo pakavu, na mahindi yao, na godoro la mtoto aliyekojoa. Walisalimia vizuri. Kisha waliisikiliza nyumba inavyochuruzika, wakatazama miguu yao wenyewe, na hakuna aliyeuliza kitu. Hawakuwa na la kuuliza, maana walijua nyumba ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya Mulei. Mulei alikuwa mtu wa breki kule juu mlimani, ambako mkonge uliokatwa ulipakiwa kwenye troli na kuteremshwa kwa reli hadi kiwandani. Hakuweza kuona chini. Alimtegemea karani aliyesimama kwenye kona ya reli na bendera mbili: akipungiwa nyekundu anangoja, akipungiwa ya kijani anaachilia. Siku moja ya Novemba, Hudson alimwona binti yake Mkamburi akija na chakula cha mchana, akamtabasamia, na huku bado anamtazama akapunga ya kijani. Troli nyingine ilikuwa haijaondolewa relini. Ile iliyoachiliwa iliigonga na zote mbili zikaingia ndani ya mashine ya kukwangua mkonge. Hakufa mtu. Mashine ndiyo iliyokufa, na mashine ilikuwa na mwenyewe.

Meneja aliuliza bendera ipi ilipungwa. Hudson alisema nyekundu. Mulei alisema ya kijani. Mmoja alikuwa amevaa tai, na mambo yakaisha hivyo. Mulei alifukuzwa kazi na nyumbani siku hiyohiyo, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya mawe, yenye mabati na sakafu ya saruji, alipewa karani. Mkamburi, aliyekuwa na miaka kumi, aliuliza mezani, "Baba, si ilikuwa ya kijani?" Wakio akamwambia ale chakula chake kabla hakijapoa.

Sasa jambo la aibu, ambalo wenyewe hawakupenda kulitaja, ni kwamba msimu ule waliufurahia. Hawakuwahi kufurahi hivyo maishani mwao. Hudson, ambaye zamani akirudi kazini alijifungia na gazeti, sasa hakuwa na mlango wa kufunga. Alichoma mahindi na watoto. Alimfundisha Elijah, aliyekuwa na miaka mitano, kupiga mluzi kwa jani. Kumbikumbi walipotoka walikimbizana nao wote wanne na vikapu, wakawakaanga kwa chumvi. Jumamosi walipanda kilima upande wa Ndara, wakakaa juu ya jiwe chini ya mwavuli mmoja kutazama mvua ikitembea juu ya nyika nyekundu, na Wakio aliimba sauti ya pili ya nyimbo za kanisani bila kuombwa.

Alasiri waliruka kamba. Hudson aliruka na suruali yake ya kazini, miguu juu, tai ikimpiga usoni, na Wakio alicheka mpaka akaketi chini. Ndipo, kicheko kikitulia, ilipokuwa inasikika ile mvua ndani ya nyumba. Kila mmoja alitafuta kitu cha kufanya na mikono yake. Hudson aliona haya, haya ya kuwaka masikioni, na kilichomtia haya zaidi ni kwamba kesho yake aliitamani tena ile kamba.

Mwezi wa Aprili mama yake, Tryphena, aliteremka kutoka milimani na kibuyu cha maji ya miwa. Alikuwa amebatizwa kitambo, lakini ya nyumbani hakuyasahau. Kwa watu wa Taita, hasira iliyokaa moyoni mwa mtu humdhuru yule aliyeileta, hata kama mwenye hasira hamtakii mabaya. Dawa yake ni kutasa. Mkosaji hulitaja kosa kwa kinywa chake mbele ya watu, na mwenye hasira, kinywa kikiwa kimejaa maji ya miwa, hutema mnyunyizo na hasira ikatoka nao.

"Nani umemkosea?" Tryphena aliuliza.

"Wewe, mama," Hudson alisema haraka. "Krismasi sikuja. Lile blanketi nililoahidi sikuleta. Na nilikaa miezi minne bila barua."

Alikiri vizuri sana, hata yale ya utotoni, na machozi yakamtoka. Tryphena alimsikiliza mpaka mwisho, akajaza kinywa, akatema kulia na kushoto na kwenye kizingiti. Walingoja. Ndani mvua iliendelea vilevile.

"Mimi moyo wangu ni mweupe, mwanangu," Tryphena alisema, akajifuta mdomo. "Blanketi nilishanunua. Ni nani mwingine?"

Wakio aliinama kupanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa. Hudson aliitazama picha ya harusi.

"Ni yule wa breki," Mkamburi alisema. "Mzee Mulei."

Mulei alikuja Jumapili baada ya kanisa, pamoja na mkewe Nthambi. Siku hizo alikuwa anavunja kokoto kwenye barabara ya kwenda Taveta, na mikono yake ilikuwa imepasuka. Yeye alikuwa Mkamba, lakini miaka ishirini Voi ilimtosha kujua desturi za wenyeji. Alivua kofia, akamsalimia Tryphena kwa mikono miwili, akakataa kiti.

"Mimi sina maneno mengi, mama," alisema. "Hii hasira imenichosha hata mimi mwenyewe. Nitatema. Lakini kwenu si lazima kosa litajwe?"

"Ni lazima," Tryphena alisema.

"Basi karani ataje rangi. Moja tu. Watu wasikie, na meneja atasikia kwa watu."

Akapokea kibuyu, akajaza kinywa mpaka mashavu yakavimba, akasimama kumtazama Hudson. Majirani waliokuja kuanua nguo walibaki na nguo mikononi.

Hudson alisimama. Alijua kabisa neno lenyewe. Alijua pia kwamba likitoka, kesho atakuwa hana bendera, hana tai wala hana ua.

"Siku ile kulikuwa na vumbi jingi," alisema.

"Rangi, Hudson," mama yake alisema.

"Mulei ni kama ndugu yangu. Mambo ya kazini ni mengi. Mtu anaweza kuona hivi, mwingine akaona vile. Sisi sote ni binadamu."

"Baba Mkamburi," Wakio alimwita kwa sauti ya chini. Hudson hakugeuka.

"Mimi nasema tusameheane tu," alisema, na masikio yake yakawaka.

Mulei alingoja kiasi cha kutosha. Kisha alimrudishia Tryphena kibuyu kwa heshima, akavaa kofia, akatoka kupitia mwanya wa minyaa hadi kwenye mvua, mashavu yake yakiwa yamejaa. Hakutema wala hakumeza. Tryphena alifunga kanga yake, akapanda basi la alasiri kurudi milimani, wala hakuaga.

Jumatatu Mulei alionekana barabarani akivunja kokoto, mashavu yamejaa. Wiki iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Nthambi aliwaambia waliomuuliza kwamba anakula vizuri, kwa upande wa kushoto, na usingizi anaupata.

Mwezi wa Juni mvua iliisha Voi yote. Vumbi jekundu likarudi, mkonge ukakauka ncha. Ndani ya nyumba ya karani ilinyesha kama kawaida. Kwa kuwa maji hayo yalikuwa yanapotea bure, Wakio alivunja sakafu ya chumba cha kulala akapanda nduma, yaani magimbi, na zikaota kubwa kuliko za mabonde ya kule milimani. Zilipokomaa alijaza kikapu, akamtuma Mkamburi akampelekee Nthambi. Hilo ndilo ombi la msamaha Wakio aliloliweza.

Mkamburi alimkuta Mulei barabarani. Akatua kikapu chini.

"Ilikuwa ya kijani," alisema. "Mimi niliiona."

Mulei aliweka nyundo chini. Alimtazama msichana kwa wema, mashavu yake yamejaa vilevile, akatikisa kichwa. Kisha akanyoosha kidole, taratibu, upande wa nyumba ya karani, aliko baba yake. Nthambi aliitwa, akapokea nduma, akashukuru, akakiosha kikapu na kukirudisha kitupu, jambo ambalo kwa kawaida halifanywi.

Mkamburi alipofika nyumbani ilikuwa saa ya kuruka kamba. Elijah alikuwa ameshika ncha moja, Hudson nyingine, na Wakio alikuwa ameshaanza kucheka.

"Njoo," Hudson alimwita. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Mkamburi aliweka kikapu kitupu mezani. Akapita katikati yao, akafungua mlango, akaingia ndani, akaketi kwenye udongo kati ya nduma zilizobaki, mvua ikimnyeshea. Hudson alibaki nje, mkavu, ameshika kamba.