Aliyekiona Kivuli

Binti mmoja mbunifu wa mabango, ambaye ofisi yake ilikuwa meza ya kulia chakula nyumbani kwa mama yake, aliweka mtandaoni bango alilomtengenezea muuza maua. Kufikia adhuhuri watu elfu mbili walikuwa wamelipenda. Ndipo mmoja akaandika: "Dada, mimi sioni. Simu hunisomea maandishi, lakini picha hainiambii kitu. Hebu nieleze."

Binti akamwandikia taratibu: mwanamke amebeba maua, jua linachomoza mgongoni kwake, kivuli chake kirefu kinamfuata nyuma.

Jibu likaja. "Asante, nimemwona. Ila mimi jua likinichoma mgongo, naambiwa kivuli kimenitangulia. Chake kinamfuataje?"

Binti akalitazama bango tena, akaita.

"Mama, njoo! Asiyeona kaliona kosa langu!"

Mama akaliinamia. "Makubwa! Na mimi nililisifu, tena na miwani nimevaa."

Binti akakihamisha kivuli mbele, akaliweka bango upya. Kisha akafungua kazi zake za zamani, akaanza kumweleza yule mtu moja baada ya nyingine, huku mwenyewe akiziona kana kwamba hajawahi kuzitazama.